Edwin Armstrong: jamaa aliyetuachia FM, akafa na kesi mkononi

Najua wengi wenu mnasoma hapa mkiwa kafe, muda unahesabiwa na mwenye kafe anawatupia jicho la pembeni, kwa hiyo sitazunguka sana. Leo nawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake mnaisikia kila siku, kwenye daladala, saluni, kwa mama ntilie, hata kwenye simu ya mkononi ukichomeka waya za masikioni. Lakini ukiuliza jina lake, kimya.

Kabla sijafika kwake niwape kisa changu kidogo, maana ndicho kilichonifanya nimtafute huyu mzee.

Nilipomaliza form four nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha fundi redio mtaani kwetu. Nashika soda, napuliza vumbi, naangalia na kuuliza maswali mpaka nachosha watu. Siku moja akaja mwenye duka anataka taa za bango lake ziwake na kuzima kila baada ya sekunde moja, bila kupoteza muda. Nikakaa na daftari nikachora saketi ya kugawanya masafa. Nikachukua ile kristali ndogo ya saa ya mkononi, inapiga mara 32,768 kwa sekunde. Nikaipitisha kwenye chipu ya 4060, ambayo ndani yake kuna ngazi 14, na kila ngazi inagawanya kwa mbili. Ukigawanya 32,768 kwa mbili mara 14 unabaki na mapigo mawili kwa sekunde. Nikaongeza ngazi moja ya nje, likabaki pigo moja kwa sekunde. Kwisha kazi.

Nikampa mchoro jamaa mmoja mwenye hela ya vipuri ili tufanye pamoja. Wiki mbili baadaye napita pale dukani, bango linawaka na kuzima safi kabisa. Jamaa kashalipwa, na kashasema ni ubunifu wake. Nilipokwenda kulalamika nikaulizwa swali moja tu: una ushahidi gani? Sikuwa na kitu. Daftari halina tarehe, hakuna shahidi, na ukurasa wenyewe nilishamchania nikampa.

Fundi mzee wa pale kibandani akacheka, akaniambia mwanangu, wewe bango tu unalia, kuna mtu alinyang'anywa redio nzima. Ndiyo mara ya kwanza kusikia jina la Edwin Howard Armstrong.

MTOTO WA MLINGOTI

Armstrong alizaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya vitabu, mama alikuwa mwalimu. Akiwa mdogo aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomfanya atetemeke, akakaa nje ya shule kama miaka miwili akifundishwa nyumbani. Alipona, lakini kule kucheza kwa bega na shingo hakukumwacha maisha yake yote. Familia ikahamia Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson, kaskazini ya New York.

Dogo alisoma habari za Marconi na simu isiyo na waya, akili ikahama moja kwa moja. Akageuza chumba chake cha juu kuwa karakana. Halafu akajenga mlingoti wa antena pale nyumbani, futi 125 kwenda juu, yaani kama mita 38, mwenyewe akiwa ananing'inia huko kwenye kiti cha kamba. Urefu haukuwahi kumtisha. Mwaka 1923, tayari mtu mzima na mwenye jina, alipanda mnara wa kituo cha redio juu ya ghorofa katikati ya New York akapigwa picha akiwa kileleni. Wakubwa wa kampuni walichukia sana.

Chuo alisoma Columbia, palepale New York, uhandisi wa umeme. Alikuwa anatoka Yonkers kwenda chuoni kwa pikipiki.

SAKETI YA KWANZA, 1912

Sasa basi, hapa tuelewane kidogo. Wakati ule redio hazikuwa na nguvu. Mtu alivaa spika za masikioni, akabana pumzi, ndiyo asikie alama za mbali kama mbu anayelia chumba cha pili. Mwaka 1906 Mmarekani mwingine, Lee de Forest, alikuwa ametengeneza valvu yenye miguu mitatu, akaiita Audion. Ile valvu ilikuwa kitu kikubwa, lakini hakuna aliyekuwa anaelewa sawasawa inafanyaje kazi, na de Forest mwenyewe maelezo yake yalikuwa hayajakaa vizuri.

Armstrong akakaa maabara, akapima, akachora, akapima tena. Akagundua kwamba mawimbi yanayotoka kwenye valvu unaweza kuyarudisha kidogo mlangoni mwake yaingie tena, yakuzwe tena, yatoke, yarudi. Ni kama ile spika inavyopiga kelele mtu akiisogelea na maiki, ila huyu akaidhibiti isipige kelele. Nguvu ikapanda mara mia, mara elfu. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 21, akawa anapata vituo vya mbali kwa sauti ya kusikika wazi. Tena akaona jambo la pili: ukiongeza kurudisha kupita kiasi, valvu yenyewe inaanza kuzalisha mawimbi. Yaani kifaa kilekile cha kupokea kinageuka kuwa cha kurusha. Osileta za redio zikapata msingi wake hapo.

Alipomwomba baba yake hela ya kusajili hataza, mzee akagoma: maliza chuo kwanza. Dogo akafanya kitu ambacho mimi ningekifanya ningekuwa nimeshinda. Akachora saketi yake kwenye karatasi, akaipeleka kwa wakili wa viapo, ikagongwa muhuri tarehe 31 Januari 1913. Ishikeni hiyo tarehe. Oktoba ya mwaka uleule akaomba hataza, na Oktoba 1914 akaipata.

Mnafikiri yaliishia hapo? Ndiyo kwanza ngoma ilikuwa inaanza.

KESI YA MIAKA ISHIRINI

De Forest akaibuka akasema ile saketi ni yake. Akatoa daftari la maabara yake la Agosti 1912, wiki chache kabla ya Armstrong, lilioandikwa kwamba valvu zilipiga mlio. Kweli mlio ulikuwepo. Lakini wakati ule de Forest na msaidizi wake waliuona ule mlio kama usumbufu, hawakuutumia kupokelea redio. Hapo wadau ndipo pananiumiza kichwa: nani mwenye uvumbuzi, yule aliyeona kwanza bila kuelewa, au yule aliyeelewa na kufanya kitu kikafanya kazi?

Mahakama zilimpa ushindi Armstrong mwaka 1921 na 1922. Halafu kesi ikafufuka kwa mlango mwingine, mwaka 1924 mambo yakageuka, na mwaka 1928 ikafika mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, akashindwa. Akarudi tena kwa njia nyingine. Mwaka 1934 Mahakama hiyohiyo ikampa de Forest ushindi wa mwisho. Wahandisi wengi waliosoma hukumu waliona majaji hawakuielewa saketi yenyewe.

Chama cha wahandisi wa redio cha Marekani kilishampa Armstrong medali yake ya heshima tangu mwaka 1917 kwa saketi ileile. Baada ya hukumu, Mei 1934, akaenda kwenye mkutano wa chama ili airudishe ile medali, maana aliona sheria imesema si yake. Chama kikakataa kuipokea. Wenzake walimwambia pale mbele ya watu kwamba kwao mwenye saketi ni yeye. Ukumbi mzima ukasimama.

MBINU YA KUHAMISHA MASAFA

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1918, maana hapa ndipo redio yako wewe inapoingia. Marekani ilikuwa imeingia Vita Kuu ya Kwanza na Armstrong alikuwa ofisa wa jeshi kikosi cha mawasiliano, yuko Paris, Ufaransa. Tatizo lilikuwa mawimbi ya masafa ya juu. Valvu za wakati ule zilishindwa kuyakuza, ukijaribu zinakoroga tu.

Badala ya kubishana na masafa ya juu, Armstrong akayashusha. Alichukua mawimbi yanayoingia kutoka antena, akayachanganya na mawimbi mengine anayoyazalisha mwenyewe ndani ya redio. Ukichanganya masafa mawili, kinachopatikana ni pamoja na tofauti yao. Hiyo tofauti ukiipanga iwe ya chini, na iwe ileile siku zote hata ukibadilisha kituo, basi amplifaya yako unaitengeneza mara moja tu kwa masafa hayohayo. Inakuza vizuri, inachuja vizuri, na vituo haviingiliani. Hiyo ndiyo superheterodaini. Mfaransa mmoja, Lucien Lévy, naye alikuwa na wazo la jamii hiyo na alishinda baadhi ya madai ya hataza, lazima tuseme haki. Lakini aliyeifanya ikawa redio ya kutumika ni Armstrong, na Ufaransa ilimpa nishani mwaka 1919.

Mnataka kuiona kwa macho? Nendeni kwa fundi wa redio za magari. Gari ukiliagiza Japani linakuja na redio ya kwao, ambayo FM yake inaanzia 76 na kwa miaka mingi iliishia 90. Vituo vyetu vipo kati ya 88 na 108. Fundi anachomeka kati ya antena na redio kile kidude tunachokiita ekspanda. Ndani yake kuna osileta na sehemu ya kuchanganya, basi. Kama kinashusha kwa 20, kituo cha 100 unakipata kwenye 80. Watu wanalipa, wanasikiliza, wanaondoka. Kumbe pale kibandani tulikuwa tunauza wazo la mwaka 1918, na hakuna hata mmoja aliyekuwa analijua jina la mwenyewe.

Na zile saketi za kugawanya, kama ile ya bango langu? Zimo humohumo. Redio ya kisasa yenye namba kwenye kioo ni superheterodaini vilevile, ila osileta yake inalindwa na kigawanyi. Chukua kituo cha 88.5. Redio nyingi za FM zinafanyia kazi tofauti ya megahezi 10.7, kwa hiyo osileta lazima iwe 99.2. Kristali peke yake haiwezi kurukaruka kutoka kituo hadi kituo. Basi mbunifu anaweka kigawanyi cha 992. Ukigawanya 99.2 kwa 992 unapata kilohezi 100 kamili, na hiyo inalinganishwa na kilohezi 100 inayotoka kwenye kristali. Osileta ikiteleza kidogo tu, ulinganisho unaona, inarudishwa kwenye mstari. Ukibonyeza kwenda 88.6, redio inabadilisha namba moja tu, kigawanyi kinakuwa 993. Ni kama konda anayehesabu abiria: kila wakifika 992 anagonga bodi mara moja, akianza upya. Dereva anasikiliza mlio wa bodi, ukichelewa anakanyaga, ukiwahi anapunguza.

Armstrong hakuishi kuona chipu hizo, lakini kazi zinayoifanya ni kuitunza osileta ndani ya mpango wake.

HELA, NDOA NA RAFIKI MKUBWA

Miaka ya 1920 jamaa alitajirika. Mwaka 1920 kampuni ya Westinghouse ilinunua hataza zake mbili kwa dola 335,000. Mwaka 1922 kampuni ya RCA ilinunua saketi yake nyingine kwa dola 200,000 pamoja na hisa 60,000, akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kuliko wote pale RCA.

Ndani ya RCA alikuwemo David Sarnoff, rafiki yake wa siku nyingi. Januari 1914 walikesha pamoja kwenye kibanda chenye baridi kali kule New Jersey, wakisikiliza vituo vya mbali kwa redio ya Armstrong. Sarnoff alikuwa na katibu muhtasi anaitwa Marion MacInnis. Armstrong akampenda, wakafunga ndoa Desemba 1923, na zawadi ya bwana harusi ilikuwa redio ya superheterodaini ya kubeba mkononi. Kuna picha yao maarufu wamekaa ufukweni na hiyo redio. Ya kubeba kweli, ila kwa ukubwa ule, leo ungeiita sanduku la safari.

Sarnoff alikuwa na kero moja: radi. Redio za wakati ule, AM, mvua ikinyesha zinakwaruza mpaka unazima. Alikuwa anatamani mtu amletee kitu cha kuondoa ule mkwaruzo. Armstrong akalichukua kama deni.

FM

Kwenye AM, sauti inabebwa na urefu wa wimbi: linapanda na kushuka kufuata sauti ya mtangazaji. Shida ni kwamba radi, mota na waya mbovu nazo zinaongeza na kupunguza urefu uleule, kwa hiyo redio haiwezi kujua kipi ni mtangazaji na kipi ni radi. Armstrong akasema basi urefu tuuache, sauti tuibebeshe kwenye masafa, yasogee juu na chini. Redio inakata vichwa vya mawimbi vyote viwe sawa, na radi inakatwa pamoja navyo.

Wazo la kubadili masafa lilikuwepo, na mwaka 1922 mtaalamu mkubwa wa hesabu za simu, John Carson, alikuwa ameonyesha kwamba halina faida. Hesabu zake zilikuwa sahihi kwa njia nyembamba. Armstrong akaenda kinyume, akapanua njia kwa kiasi ambacho wenzake waliona ni ufujaji. Ilimchukua miaka mingi na maelfu ya majaribio, lakini tarehe 26 Desemba 1933 hataza zake za FM zilitoka.

Tarehe 5 Novemba 1935 akawaonyesha wahandisi wenzake New York. Mitambo ya kurushia ilikuwa nyumbani kwa rafiki yake kule Yonkers. Watu wakasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, karatasi ikikunjwa na kuchanwa, kama vile inafanyika mlemle ukumbini. Kati ya sauti na sauti kulikuwa na ukimya mtupu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwenye redio.

Sasa mngetegemea Sarnoff afurahi. RCA ilimruhusu afanye majaribio juu ya jengo la Empire State mwaka 1934, lakini mwaka 1935 ikamwambia aondoe vifaa vyake, inataka nafasi ya televisheni. Fikiria, kampuni ina biashara kubwa ya AM, vituo, viwanda, kila kitu. Sarnoff alitaka kifaa cha kusafisha AM. Armstrong alimletea kitu cha kuizika.

Mzee hakukata tamaa. Akauza sehemu ya hisa, akatumia zaidi ya dola 300,000 za mfukoni mwake kujenga kituo chake Alpine, New Jersey, chenye mnara wa futi zaidi ya 400. Watu wakaanza kununua redio za FM. Mwaka 1940 serikali ikaipa FM nafasi yake kati ya megahezi 42 na 50, na tarehe 1 Januari 1941 biashara ikaanza rasmi. RCA ikamjia na dola milioni moja ili itumie FM moja kwa moja bila kumlipa tena. Akakataa. Kampuni nyingine zilikuwa zinamlipa kwa kila redio, akaona RCA nayo ilipe kama wenzake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliliruhusu jeshi la Marekani litumie hataza zake bure. Kisha mwaka 1945 serikali ikaihamisha FM kutoka kule 42 mpaka 50, ikaipeleka 88 mpaka 108, hii tunayoitumia mpaka leo. Redio zote ambazo watu walishanunua, laki kadhaa, zikageuka mapambo. Vituo navyo vikalazimika kununua mitambo upya. Miaka ya jasho ikarudi sifuri.

MWISHO WAKE

RCA ikaendelea kutengeneza FM na kuiweka kwenye sauti ya televisheni zake, ikidai inatumia saketi za kwake. Julai 1948 Armstrong akaishtaki. Mawakili wakamkalisha kumhoji karibu mwaka mzima kabla kesi yenyewe haijafika popote. Kampuni kubwa haina haraka. Hataza zilikwisha muda mwaka 1950, malipo yakakatika, na hela aliyobaki nayo ilikuwa inaliwa na mawakili.

Jamaa hakuwa na la kuongea zaidi ya kesi. Mwishoni mwa mwaka 1953 Marion akamsihi aache, wapumzike. Wakagombana, na katika ule ugomvi Armstrong akampiga mkewe kwenye mkono na chuma cha kuchochea moto. Marion akaondoka akaenda kwa dada yake. Sitalificha hili, na sitalipamba. Mtu aliyenyimwa haki alimwumiza mtu pekee aliyebaki upande wake.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1954 alimwandikia mkewe barua ya kuomba radhi, kisha akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 63. Ile tarehe niliyowaambia mshike, ya muhuri wa wakili wa viapo, ilikuwa 31 Januari 1913. Miaka 41 kamili.

Desemba ya mwaka uleule RCA ikalipa, dola milioni moja na kidogo, karibu sawa na ile aliyoikataa mwaka 1940. Marion akaendelea na kampuni nyingine, moja baada ya nyingine, taratibu, bila makelele. Ya mwisho, Motorola, aliishinda mwaka 1967. Alishinda zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wasikilizaji wa FM Marekani wakawapita wa AM. Na ule mnara wa Alpine bado ulikuwa umesimama tarehe 11 Septemba 2001, majengo marefu ya New York yalipoanguka na mitambo ya televisheni juu yake. Vituo kadhaa vilikwenda kurushia matangazo kutoka mnara wa mzee Armstrong.

Kwetu Tanzania, serikali iliporuhusu redio binafsi miaka ya 1990, vijana walizipokea kupitia FM. Hip hop yetu, bongo fleva, vipindi vya usiku, vyote vilipita kwenye ile njia pana ambayo wataalamu waliiona ni ufujaji.

NILICHOJIFUNZA MIMI

Nilipomaliza kusoma habari zake nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa natafuta shujaa wa kuniunga mkono kwenye hasira zangu za bango. Nikapata kitu tofauti.

La kwanza, andikeni. Chora, weka tarehe, tafuta shahidi. Sina daftari lisilo na tarehe tena, na mchoro sitoi mpaka nimebaki na nakala.

La pili ni gumu zaidi. Armstrong alikuwa na karatasi yenye muhuri na bado alishindwa, kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Na alikuwa na haki kwenye FM, lakini haki ilimfika akiwa kaburini. Aliyeipata ni Marion, aliyejua kupigana huku akila, akilala na kuzungumza na watu. Kama wewe unayesoma hapa una jambo linakunyima usingizi, kesi, deni, kazi uliyoibiwa, usilibebe peke yako. Mtafute mtu uongee naye leo, kabla hujaifunga hiyo kompyuta.

Kuhusu lile bango, bado linawaka. Napita pale karibu kila siku, nahesabu, sekunde moja, sekunde moja. Halijapoteza hata pigo. Yule jamaa taa zikiharibika hataweza kuzitengeneza, maana hajui kwa nini chipu ina ngazi 14 na ya 15 iko nje. Mimi najua. Na siku hizi kibandani kuna dogo mwingine anayeniuliza maswali mpaka ananichosha. Wiki iliyopita nimemfundisha kuchora kigawanyi, na kitu cha kwanza nilichomwambia aandike juu ya ukurasa ni tarehe na jina lake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Armstrong angechukua ile milioni ya mwaka 1940, au alifanya sawa kukataa? Toeni maoni hapo chini, ila matusi hapana.